Demani Imo Uani Mwetu

Mapema mwezi huu wa Oktoba binti yangu, aliye Gredi ya Sita, aliniletea insha yake niisome. Ndani yake theluji ilikuwa imeyeyuka, majira ya kuchipua yameingia na maua yamechanua bustanini. Kiswahili chake kilikuwa sanifu, na mwalimu alikwisha kumtuza alama nzuri. Nilipomwuliza theluji hiyo aliiona wapi, alinijibu kwamba hivyo ndivyo bustani inavyoelezwa vitabuni. Maskini, alikuwa ameketi barazani, ameupa mgongo mjakaranda uliojaa maua hata jani halionekani.

Sikuwa na uso wa kumlaumu. Juma hilohilo nilikuwa nimepatana na fundi aje auchimbe ua wote na kuutandaza matofali ya saruji, ili gari la pili lipate mahali pa kulala.

Tunaishi pembezoni mwa Nairobi, upande wa Kiambu. Huku karibu na ikweta urefu wa mchana haubadiliki sana, na mimea mingi haingoji siku zirefuke kama ifanyavyo Ulaya, hungoja maji. Nyuma ya nyumba yangu imesalia mibuni mitatu ya shamba la zamani. Vitumba vyake hulala wakati wote wa ukavu. Mvua nzito ya kwanza ikinyesha, usidhani vitafunguka kesho yake. Hesabu juma moja, pengine siku kumi, kisha utaamka asubuhi ukute matawi yamevikwa weupe, na harufu inayokaribiana na ya asumini imeingia hadi jikoni. Siku mbili tatu, kwisha. Maua mengi zaidi huja na mvua za masika, lakini vuli nayo haikosi kutoa yake. Mjakaranda, mgeni kutoka Amerika Kusini, una desturi nyingine: huchanua baada ya baridi ya katikati ya mwaka, aghalabu kabla mvua haijatulia.

Haya yote yana majina. Baridi ya Juni hadi Agosti ni kipupwe. Kipindi kinachofuata, pepo za kusi zikilegea na kaskazi haijashika zamu, takriban mwisho wa Agosti hadi Novemba, Waswahili wa pwani wamekiita demani tangu zamani. Mtoto wangu alikuwa anaishi ndani ya demani huku akiandika habari za theluji!

Sina ugomvi na istilahi “majira ya kuchipua”. Anayefasiri riwaya ya Kirusi hana budi nayo. Ugomvi wangu ni na wafasiri wanaoyaita vuli majira ambayo majani hupukutika huko Ulaya. Vuli kwetu ni mvua inayootesha. Neno moja litabebaje mizigo miwili inayopingana?

Nitaambiwa kwamba demani ni neno la mabaharia, na Kiambu hakuna jahazi. Kweli. Lakini mvua inayonyesha Kiambu huja wakati pepo hizohizo zinapobadilishana zamu. Neno limekwisha kupanda mlima, ni sisi tusiolipokea.

Basi tulichukua daftari, mimi na binti, tukauzunguka ua. Waridi tulilijua, na asumini. Kwenye bogonvilia tulisimama kitambo. Ile rangi inayowaka si petali bali ni majani yaliyogeuka. Ua lenyewe ni kile kijeupe kidogo cha katikati, nami nimepita hapo miaka kumi na moja bila kukitazama. Kisha akanionyesha ua jekundu, mviringo kama mpira wa nyuzi, limechomoza ardhini kando ya lango.

“Baba, hili laitwaje?”

Mimi niliyeandika tasnifu ya udaktari kuhusu nomino za Kiswahili sikuwa na jibu. Tukamwendea jirani yetu, bibi aliyezaliwa Lamu. Alitueleza jinsi asumini huchumwa jioni ikianza kufunguka, ikafungwa na mrehani kuwa kikuba. Lile jekundu hakulijua. Aliyelijua ni mzee anayetupalilia bustani, akatutajia jina lake kwa lugha ya mama yake. Tumeliandika. Naona Kiswahili kingefaidika kwa kuliazima jina hilo kuliko kukaa bila lolote, kama kilivyoazima waridi kwa Waarabu na bustani kwa Waajemi, ambao kwao neno hilo lilimaanisha mahali pa harufu nzuri.

Ninachowaomba waandishi wa vitabu na walimu ni kwamba insha ya majira ianzie nje ya dirisha la darasa. Shule yenye mti mmoja tu ina somo la mwaka mzima.

Fundi alikuja Jumamosi. Nilimwomba radhi, tukakubaliana atandaze kipande cha gari moja tu karibu na lango, aliache mahali pake lile ua jekundu. Binti naye aliandika insha upya, akaipeleka. Imerudi jana. Neno demani limezungushiwa wino mwekundu, na pembeni pameandikwa: “Neno gani hili?”

Nimemwandikia mwalimu barua ya heshima, nikamkaribisha chai nyumbani. Mvua kubwa ya kwanza ilinyesha Jumanne usiku. Nimemwomba aje Alhamisi ya juma lijalo, asubuhi, mibuni ikiwa imefungua.