Hati tupu ilivyofungua hazina ya Nomad

BEI za sarafu za kidijitali hutangazwa kila saa, lakini ubora wa mkaguzi anayelinda hazina hautangazwi popote. Hapo ndipo wawekezaji wadogo wanapoumia.

Agosti 1, 2022, Nomad, daraja lililohamisha sarafu kati ya Ethereum na mitandao mingine ikiwamo Moonbeam, lilikaushwa kwa saa chache. Kiasi kilichotoka kilikadiriwa kuwa Dola za Marekani milioni 190. Hakuna aliyevunja hesabu za kriptografia, wala hakuna ufunguo wa siri ulioibwa.

Daraja la aina hii hufanya kazi kama stakabadhi ghalani. Sarafu halisi huwekwa upande mmoja, na upande wa pili hutolewa stakabadhi yenye thamani ile ile. Anayetaka mzigo sharti alete uthibitisho wa kihesabu, nao hukaguliwa na mkataba wa kompyuta unaojitekeleza wenyewe, bila karani wala meneja wa kuuliza swali la pili.

Juni mwaka huo programu ya Nomad ilifanyiwa marekebisho, na sifuri ikaingizwa miongoni mwa alama zinazoaminika. Kumbe ujumbe wowote ambao haujathibitishwa nao ulisomeka kuwa na alama hiyo hiyo ya sifuri! Hati isiyo na muhuri ikapita sawa na yenye muhuri. Baada ya muamala wa kwanza kufaulu, wengine waliunakili tu, wakaweka anwani zao mahali pa mpokeaji. Mamia ya anwani zilishiriki. Baadaye waliochukua waliahidiwa kubaki na asilimia 10 wakirejesha zilizosalia. Baadhi walirejesha, wengi hawakufanya hivyo.

Nomad haikuwa peke yake. Februari 2022, daraja la Wormhole lilitoa stakabadhi za ether 120,000 zisizo na amana, kwa kuwa mkataba wake haukuhakiki kama sahihi zilikaguliwa na chombo halali. Jump Crypto ilijaza pengo hilo. Oktoba, uthibitisho wa kughushi ulitoa BNB milioni 2, hadi mtandao ukasimamishwa.

Wauzaji hupenda kuonyesha cheti cha ukaguzi. Cheti hicho kina tarehe, na programu hubadilishwa baada ya tarehe hiyo. Mwekezaji anapaswa kujua mkataba unaokagua uthibitisho ulibadilishwa lini mara ya mwisho, nani ana mamlaka ya kuubadilisha, na nani atalipa ukikosea.

Aidha, stakabadhi inapouzwa kwa bei ile ile ya sarafu halisi, mnunuzi anabeba hatari ya daraja bila kulipwa chochote. Waliokuwa Moonbeam na stakabadhi za Nomad zilizohesabiwa kuwa dola moja moja waliziona zikiporomoka mara tu ghala lilipobainika kuwa tupu.