Mcheza Kwao Hutuzwa, Hasifiwi Tu

Wapo watu wanaoona kuwa ni utoto kwa mtu mzima, mwenye familia na madeni, kuhesabu siku akingojea albamu mpya ya bendi aipendayo. Ajabu ni kwamba wengi wa watu hao hukesha wakitazama kandanda inayochezwa Uingereza, na timu yao ikifungwa hawali chakula cha jioni. Basi kila mtu na ugonjwa wake. Mimi ni mmoja wa wale wangojeao albamu, na sioni haya kulisema hilo mbele ya wasomaji.

Nadai zaidi ya hilo. Nadai kuwa furaha ya shabiki wa muziki ni mali. Ni mtaji ambao bila huo hakuna bendi iwezayo kuishi miaka mitano, seuze ishirini. Tatizo letu ni kwamba mtaji huo tunauacha mdomoni. Bendi ikitoa kazi mpya tunashangilia, tunacheza, tunagawiana nyimbo hata na watu tusiowajua vizuri, kisha bendi ikisambaratika tunauliza kulikoni. Shabiki wa namna hiyo anafanana na mgeni asifuye pilau ya hoteli kwa sauti kuu, halafu akatoka kwa mlango wa nyuma.

Yafaa kwanza tuelewane kuhusu albamu yenyewe. Kwa miaka mingi muziki wa Kenya uliuzwa kwa santuri ndogo, zile zizungukazo mara 45 kwa dakika. Aghalabu wimbo mmoja ulienea pande zote mbili: upande wa kwanza ukabeba maneno, na wa pili ukaachiwa magitaa yatambe. Bendi za benga na rumba zilitunga kwa kipimo hicho, na zilikitumia kwa ustadi mkubwa. Santuri kubwa, yenye nafasi ya dakika 20 hivi kila upande, mara nyingi ilikuwa mkusanyo wa vibao vilivyokwisha kupendwa. Baadaye zikaja kanda, na pamoja nazo zikaja mashine za kunakili, hata kanda moja halali ikaweza kuzaa mamia ya haramu kabla mwenye wimbo hajaona senti.

Kwa hiyo bendi ya Kenya inapoketi na kutunga albamu kama kazi moja, yenye mwanzo, kati na mwisho, inachukua hatua ambayo wazee wetu wengi wa muziki hawakupewa nafasi ya kuichukua. Hapana budi wanamuziki wapate muda, studio, wapigaji, na fedha za kuwalisha wote hao kabla ya wimbo wa kwanza kusikika. Tunapoingoja albamu, tunangoja matunda ya uwekezaji ambao mwenyewe hana hakika kama utarudi.

Nitatoa mfano wa kundi nilipendalo: Sauti Sol. Vijana watatu waliosoma katika Shule ya Upper Hill jijini Nairobi, Bien-Aimé Baraza, Willis Chimano na Savara Mudigi, waliungana na mpiga gitaa Polycarp Otieno mwaka 2005. Nguvu yao tangu awali ilikuwa ni kuoanisha sauti. Albamu yao ya kwanza, Mwanzo, ilitoka mwaka 2008, na ya pili, Sol Filosofia, mwaka 2011. Mwaka 2014 walitwaa tuzo ya MTV ya Ulaya wakiwa wasanii bora kutoka Afrika. Hadi hapo safari yao ilikuwa ya kupanda ngazi, kipandio baada ya kipandio. Tazama sasa jinsi walivyozitoa albamu tatu zilizofuata, maana ndani ya albamu hizo imo historia nzima ya soko letu.

Live and Die in Afrika ilitoka Novemba 2015, na kwa muda iliwekwa kwenye mtandao kila atakaye aichukue bila malipo. Sisi mashabiki tulifurahi kupita kiasi. Nani asiyependa cha bure? Lakini hatukujiuliza kwa nini kundi lililokuwa kileleni, lenye vibao kama Sura Yako na Nerea, liligawe bure jasho lake. Kwa maoni yangu, walitujua vyema. Walijua kuwa hata wakiitia bei, wengi wetu tungeipata kwa njia za panya, na heri mtu agawe kwa heshima kuliko aibiwe. Albamu ikageuzwa tangazo, na tumaini la fedha likawekwa kwenye matamasha.

Kisha ikaja Afrikan Sauce, na njia ikawa nyingine. Nyimbo zilitolewa mmoja baada ya mwingine, wageni wakialikwa jikoni kwa zamu: Burna Boy, Tiwa Savage na Patoranking kutoka Nigeria, Nyashinski wa hapa kwetu, na wengineo. Wimbo Tujiangalie wa mwaka 2018, walioimba na huyo Nyashinski, uliwauliza Wakenya maswali mazito kuhusu ufisadi na madeni ya taifa, na ukadhihirisha kuwa kundi hili halikujua mapenzi tu. Hata hivyo, utaratibu wenyewe ulikuwa wa kumlisha shabiki tonge kwa tonge, kwa sababu soko la simu halina subira ya kungoja sinia.

Ya tatu ni Midnight Train, iliyotoka tarehe 5 Juni 2020 chini ya kampuni ya Universal. Msomaji atakumbuka hali ilivyokuwa. Tangu tarehe 27 Machi mwaka huo nchi ilikuwa chini ya amri ya kutotoka nje usiku kwa sababu ya ugonjwa wa Korona. Mikusanyiko ilipigwa marufuku, vilabu vikafungwa, na jukwaa likabaki ukiwa. Katika giza hilo ikaja albamu iliyotungwa kwa mapana: kwaya ya Soweto Gospel ikisaidia katika Brighter Days, India.Arie wa Marekani akishiriki katika My Everything, na Suzanna ikimwimbia binti kwa Kiswahili kilichonikumbusha nyimbo za zamani. Wengi tulipata faraja humo katika siku ambazo hata kupeana mikono kulikuwa hatari.

Hapo ndipo ile hesabu ya mwaka 2015 ilipovunjika. Kwa muda mrefu tulikuwa tukijitetea kwa hoja moja: kwamba mwanamuziki halisi hula jukwaani, na kwamba wimbo uliorekodiwa ni chambo tu cha kuwavuta watu kiingilioni. Mwaka 2020 jukwaa lilifungwa kwa amri ya serikali. Mwanamuziki hakubaki na kitu cha kuuza isipokuwa ile kazi iliyorekodiwa, ambayo sisi tulikuwa tumekwisha kuizoea kama maji ya mvua. Bendi kubwa zenye kampuni nyuma yake zilivumilia. Zile ndogo, zinazopiga mahotelini mwishoni mwa juma, hazikuwa na akiba wala mrabaha wa kutegemea. Nani aliwaona? Nyimbo zao zilikuwa katika simu zetu, nasi tulizisikiliza kila siku bila kuulizana kama waliozitunga wamekula.

Labda atatokea wa kusema kuwa mambo yamebadilika, kwamba siku hizi muziki hulipwa kupitia mtandao. Ni kweli, lakini tuangalie malipo yenyewe. Huduma kama Spotify, iliyoingia Kenya rasmi mwaka 2021, hukusanya ada za wanachama na fedha za matangazo, kisha huzigawa kwa kadiri nyimbo zinavyosikilizwa. Kusikilizwa mara moja huleta sehemu tu ya shilingi. Tena, tangu mwaka 2024, huduma hiyo haiulipi kitu wimbo ambao haukufikisha kusikilizwa mara 1,000 katika miezi 12. Kwa kundi lenye mamilioni ya wasikilizaji, kizingiti hicho si neno. Kwa bendi ya vijana wa Kitui au Lamu, ni ukuta. Lakini ni ukuta ambao mashabiki 100 wakiusikiliza wimbo mara 10 kila mmoja huwa wameuangusha. Hiyo ndiyo maana ya kusema kuwa furaha ya shabiki ni mali.

Serikali nayo imejaribu. Sheria ya Hakimiliki ilirekebishwa mwaka 2022 ili msanii apate si chini ya asilimia 52 ya mapato ya ile milio ya simu aisikiayo mpigaji anapongoja kupokelewa. Ni hatua njema. Lakini sheria haiwezi kumlazimisha mtu kuchagua njia ya halali pale ambapo rafiki yake yuko tayari kumrushia albamu nzima kwa simu kwa nukta chache.

Watu wa pwani walilitatua jambo hili zamani. Katika taarabu, mtu akiguswa na wimbo hatosheki kupiga makofi. Huinuka, akacheza taratibu hadi alipo mwimbaji, akamtuza noti mbele ya hadhara, akarudi kiti chake kwa madaha. Sifa na malipo ni tendo moja. Hakuna aonaye kuwa fedha zimeichafua sanaa, wala kwamba mwimbaji ameombaomba. Kinyume chake, anayeona aibu ni yule aliyecheza usiku kucha na mikono mitupu. Wahenga hawakusema mcheza kwao husifiwa. Walisema hutuzwa.

Najua nitajibiwa kuwa maisha ni magumu, kwamba kijana asiye na kazi hana shilingi ya kumpa mwanamuziki mwenye gari. Hoja hiyo nina huruma nayo. Lakini sikumwambia mtu auze mbuzi. Wako mashabiki wanaoweza kununua albamu, na hao wanunue. Wako wasioweza, na hao waisikilize mahali ambapo kusikilizwa kwake huhesabiwa, badala ya kuibeba katika kadi ya kunakiliwa. Asiyeweza hata hilo na amwelekeze mwenzake pale palipo halali. Tuzo ya maskini ni ndogo, ila ikijumlishwa huwa kubwa kuliko ya tajiri mmoja. Haba na haba hujaza kibaba. Na kuhusu gari la mwanamuziki, tusisahau kwamba gari hilo tunaliona katika video, wala hatujui ni la nani.

Tuzo ya pili ni usikivu, na hii haimgharimu mtu chochote. Albamu isikilizwe yote, kwa mpangilio wake, angalau mara moja. Msanii aliyetumia miezi kuamua wimbo upi utangulie na upi ufunge anastahili kusikilizwa hivyo. Tumezoea kudonoadonoa kama kuku: wimbo mmoja wa harusi, mwingine wa kuchezea, na ule wa tisa, ambao pengine ndio roho ya kazi yote, haujapata kuguswa.

Pamoja na usikivu kuna ukweli. Shabiki wa dhati si mpambe. Mimi, mathalani, naona kuwa Midnight Train iliegemea mno Kiingereza. Kundi lililoweza kutunga Suzanna na Nenda Lote halina haja ya kuazima ulimi wa watu ili lisikike mbali. Them Mushrooms, waliotoka Mombasa, waliutoa wimbo Jambo Bwana kwa Kiswahili cha kawaida kabisa, na watalii wakaubeba hadi makwao. Ninalisema hili kwa sababu ninaipenda bendi, na kwa sababu nimeisikiliza. Asiyesikiliza hana haki ya kulaumu, kama vile asiyelipa hana haki ya kudai.

Tusijidanganye kwamba bendi zitakuwapo daima kutungoja tujifunze adabu hii. Mei 2023 Sauti Sol walitangaza kuwa wangepumzika kama kundi kwa muda usiojulikana, na kwamba kila mmoja angeshika njia yake. Bien-Aimé alitoa albamu yake mwenyewe mwaka huo huo. Novemba wakafanya tamasha la Sol Fest jijini Nairobi, na mashabiki wakafurika, wengine wakibubujikwa na machozi. Sikuwalaumu kwa kulia. Nilijiuliza tu ni wangapi miongoni mwao walikuwa wamepata kununua albamu hata moja ya watu waliokuwa wakiwalilia. Siku ya kuagana kila mtu huwa mkarimu. Wanamuziki hula siku zile nyingine, za kawaida, ambazo hakuna taa wala kamera.

Hivyo basi, ndugu msomaji, bendi yako uipendayo ikitangaza albamu mpya, ngoja kwa hamu na usione haya. Hesabu siku. Wachoshe jamaa zako kwa kuizungumzia. Shangilia itokapo, cheza hadi majirani wagonge ukuta. Lakini kabla hujaucheza wimbo wa kwanza, ingiza mkono mfukoni uone kilichomo, japo ni kidogo, umtuze aliyekufurahisha. Albamu ijayo hurekodiwa kwa fedha zilizoletwa na hii.