DIGRII YA MAZINGIRA SI YA KUKAA OFISINI



Kijana akimwambia mzee wake kuwa amepata nafasi Chuo Kikuu kusomea mazingira, mzee huguna: "Miaka mitatu ya kujifunza kupanda miti?" Hata katika matawi yetu wapo wanaocheka. Sisi hatucheki. Tunajua hasara iliyoipata nchi hii kwa wataalamu waliojua vitabu wakakataa kuwasikia wenye ardhi.

Mwaka 1947 Waingereza walipeleka matrekta Kongwa kulima karanga. Wagogo, walioijua mvua ya kwao na hila zake, hawakuulizwa neno. Ardhi ikakauka ikawa ngumu kama saruji, na mwaka 1951 mradi ukaachwa, mamilioni ya paundi yamepotea. Huko Uluguru mkoloni akawalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi. Mmomonyoko ulikuwapo kweli, hilo hatulikatai. Lakini matuta yalifukua udongo usiozaa, kazi ilikuwa ya shuruti, na aliyelalamika alionekana mjinga. Mwaka 1955 Waluguru wakagoma, risasi zikapigwa, mtu akafa. Mpango nao ukafa.

Sasa tazameni Shinyanga. Zamani za ukoloni miti ilifyekwa huko kwa makusudi ili kuangamiza mbung'o, kisha pamba na mifugo vikamaliza iliyosalia. Mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulipoanza mwaka 1986, wataalamu walikuja na vitalu vya miche. Lakini Wasukuma walikuwa na ngitili yao tangu kale: eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi, majani yakiisha kwingine. Safari hii mtaalamu alisikiliza. Ngitili, zilizokuwa hekta zipatazo 600 tu, zilipita hekta 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000. Miti ilirudi yenyewe, na kuni, asali na dawa pamoja nayo.

Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kilichoanzishwa mwaka 1984, kiko Morogoro, chini ya milima ile ile ya Uluguru inayoupa maji mto Ruvu, na Dar es Salaam hunywa maji ya Ruvu. Hapo digrii ya mazingira inafundishwa. Vijana wetu wakaisome, na mabinti pia, maana wanaotembea mbali kutafuta maji na kuni ni mama zao.

Lakini tunataka jambo moja. Mazoezi ya wanafunzi hawa yafanyike vijijini kwa msimu mzima wa kilimo, si majuma machache ya kupanga mafaili mjini. Wale miongoni mwetu waliopita chuo cha ualimu walisimamishwa mbele ya watoto kabla ya kupewa cheti. Kwa nini mtaalamu wa ardhi asipimwe mbele ya wakulima?

Kazi nayo haikosekani, kama sheria ikifuatwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaitaka kila halmashauri iwe na afisa wa mazingira. Kumpa cheo hicho mtu mwenye kazi nyingine tatu ni kuidhihaki sheria. Madiwani wetu waulize katika kikao kijacho: afisa huyo ni nani, alisomea nini, na mara ya mwisho alilala kijiji gani?