Mita 40 katika Mji wa Maghorofa

Gari jipya likipata ajali usiku katika nchi za Umoja wa Ulaya, na dereva akazimia, gari lenyewe hupiga simu namba 112 na kutaja mahali lilipo. Chombo hicho, kiitwacho eCall, kimekuwa sharti kwa aina mpya za magari madogo tangu tarehe 31 Machi, 2018. Ni hatua inayostahili sifa. Hata hivyo lipo swali ambalo matangazo ya biashara huliruka: hapo "mahali lilipo" pamepimwaje, na pamepimwa wapi?

Jibu limo katika kanuni namba 2017/79 za Umoja huo. Kipokezi cha mawimbi ya setilaiti hakina budi kulionyesha gari kwa kosa lisilozidi mita 15 mahali pa wazi, na lisilozidi mita 40 kati ya majengo marefu, kwa uhakika wa asilimia 95. Mita 40 katika shamba la ngano si kitu. Mwenye kutafuta ataliona gari kwa macho. Lakini mjini mita 40 ni mtaa wa pili. Ni upande wa nyuma wa jengo, au barabara ya chini ilhali majeruhi yuko juu ya daraja. Tena hizo ni zile asilimia 95 zilizofuzu. Asilimia 5 zilizobaki hazigawanywi sawasawa kama sukari ya mgawo. Huelekea kulimbikizana katika mitaa ile ile myembamba ambako msaada wenyewe hufika kwa taabu.

Sababu yake si uchawi. Setilaiti za GPS ziko kiasi cha kilometa 20,200 juu ya dunia. Kipokezi huhitaji angalau 4 kwa wakati mmoja, na hukadiria umbali wa kila moja kwa muda ambao mawimbi yake yametumia safarini. Mawimbi hayo hukimbia kilometa 300,000 kwa sekunde. Kwa hiyo kosa la sehemu moja ya milioni kumi ya sekunde huzaa kosa la mita 30. Katika korongo la maghorofa mawimbi mengi hayaji moja kwa moja. Hugonga vioo vya benki iliyo ng'ambo, yakarudi, ndipo yakaingia katika antena. Kipokezi hakijui kwamba kimedanganywa, na kwa moyo mkunjufu kabisa huliweka gari ndani ya duka la viatu.

Sasa, upimaji unaodaiwa na kanuni hufanywa maabarani, kwa mtambo unaoigiza mawimbi ya setilaiti. Mtambo huo una manufaa yake: vipokezi vyote hupewa mtihani mmoja, bila upendeleo. Lakini korongo linaloigizwa ni korongo la karatasi. Halina basi la ghorofa linalopita ubavuni, wala jengo la vioo lililosimamishwa mwaka jana. Ndiyo maana kiwango cha Ulaya EN 16803 kinatumia njia ya kati: gari hupitishwa katika barabara halisi, mawimbi hurekodiwa jinsi yalivyo, kisha hurudiwa maabarani mbele ya kila kipokezi. Nao wataalamu wa Chuo Kikuu cha Hong Kong Polytechnic, pamoja na wenzao wa Tokyo, wamekusanya vipimo vya namna hiyo katika mitaa kama Mong Kok na Shinjuku, wakavitoa hadharani ili kila mtafiti avijaribu. Huo ndio moyo unaotakiwa.

Jambo moja zaidi halipimwi vya kutosha, nalo ni ukweli wa chombo juu ya udhaifu wake. Ndani ya ujumbe wa eCall imo alama isemayo kama mahali palipotajwa pategemewe au la. Mpaka wake ni mita 150! Gari laweza kuwa mtaa wa tatu na bado likatangaza kwamba lina hakika.

Tanzania haina sharti la eCall, lakini jambo hili haliko mbali nayo. LATRA hufuatilia mabasi ya mikoani kwa setilaiti, na abiria wa Dar es Salaam huita gari kwa simu ya mkononi. Kipokezi kilichofuzu kati ya Morogoro na Dodoma, penye anga tupu, hakijafuzu Kariakoo. Yafaa basi taasisi yoyote ya umma inayonunua vyombo hivi, hasa kwa magari ya wagonjwa na ya zimamoto, iandike katika zabuni kwamba vitapimwa katika mitaa ya Kariakoo na Posta, juu ya alama zilizowekwa na wapima ardhi. Vipimwe asubuhi, mchana na usiku, kwa kuwa setilaiti hazikai mahali pamoja. Na matokeo yatolewe mtaa kwa mtaa, makosa makubwa kuliko yote yakiwa juu ya orodha, badala ya kufichwa ndani ya wastani.

Wauzaji watalalamika juu ya gharama. Gharama yenyewe ni gari moja, wapima ardhi wawili na siku chache za dereva.