Mteja Ndiye Mpiga Ramli

Miaka mingi iliyopita, duka langu la mbao lilipodorora, rafiki yangu mmoja alinipeleka kwa mtaalamu hapa hapa Chang'ombe. Mzee yule akaniuliza jina langu na la mama yangu, akapiga hesabu zake za falaki, kisha akasema: "Una moyo wa huruma, lakini unaowasaidia hawakushukuru. Unacheka na watu, ila rohoni una jambo zito. Riziki yako imefungwa, na aliyeifunga ni mtu wa karibu, tena mnakula naye." Jasho likanitoka. Nani aliyemweleza mambo yangu?

Hakuelezwa na mtu. Yeye alisema "mtu wa karibu". Jina la shangazi yangu nililitia mimi, kwa sababu tu tulikuwa tumegombania kiwanja. Tangu siku hiyo sikukanyaga kwake. Alifariki tukiwa hatusemezani, na biashara yangu haikufunguka.

Ndugu msomaji, hebu yarudie maneno yale polepole. Ni nani kati yetu asiyejiona mwenye huruma? Nani asiye na jambo zito rohoni? Hiyo ni kanzu pana. Kila aivaaye humwenea.

Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 jaribio la tabia, kisha akamkabidhi kila mmoja maelezo "yake". Walipoulizwa yamewalenga kiasi gani, waliyapa wastani wa alama 4.26 kati ya 5. Kumbe wote walipewa maelezo yale yale, ambayo mengi aliyatoa katika kitabu cha nyota cha kwenye kibanda cha magazeti. Hao walikuwa wanafunzi wa chuo! Basi tusidanganyane kwamba huu ni ugonjwa wa wasiosoma.

Wapo watakaonijibu: "Mbona yalikuwa kweli?" Nakubali, yalikuwa kweli. Kweli kwangu, kwa jirani yangu na kwa kondakta wa daladala la Temeke. Maneno yanayomfaa kila mtu hayamtambui yeyote.

Ubaya wake ni kwamba sifa hutangulia ili sumu ipate kupita. Ukishakubali kuwa mtu anaijua huruma yako, utakataaje kwamba anamjua adui yako? Huko Usukumani vikongwe wameuawa kwa ramli chonganishi, wengine wakihukumiwa kwa macho mekundu tu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni. Januari 2015, kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino, Serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli. Vyema. Lakini hakuna sheria iwezayo kuziba sikio linalopenda kusikia habari zake lenyewe.

Kwa hiyo, siku utakapoambiwa neno likakuchoma moyo, muulize msemaji swali moja tu: "Aliyetoka hapa kabla yangu umemwambia nini?" Mimi sikuuliza. Leo namwomba shangazi yangu radhi kaburini, naye hanijibu.