Bunduki Moja kwa Kazi Zote?

Wananchi waishio chini ya Mlima Meru, na pamoja nao ndugu zetu wa Unguja na Pemba waliohamia Arusha kwa kazi za utalii na biashara, huulizana swali ambalo kwa sura yake laonekana jepesi: mtu akiruhusiwa kumiliki silaha moja tu, achukue ipi, itakayomfaa kwa kuwinda, kwa kujipatia kitoweo siku za dhiki, na kwa kuilinda nafsi yake na mali yake? Yafaa Serikali nayo ilisikie swali hili, maana nyuma yake mna malalamiko.

Sisi wa visiwani hatuwezi kulitazama jambo hili kwa mbali. Bunduki zilizoenea bara katika karne ya 19 zilipita kwa wingi katika bandari ya Unguja. Mwaka 1888 Balozi wa Uingereza mjini Unguja, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki zilizokuwa zikiingia Afrika Mashariki zilifika kati ya 80,000 na 100,000 kwa mwaka. Miaka miwili baadaye Mkataba wa Brussels ulizuia bunduki za kisasa zisiingie katika sehemu kubwa ya bara hili, lakini ukaacha mlango kwa gumegume na baruti ya kawaida. Mkoloni akabaki na bunduki iliyo bora, mwananchi akaachiwa ile ya kushindiliwa kwa mdomo. Hivyo ndivyo gobole lilivyopata sifa ya kuwa bunduki ya kila kazi: halikuchaguliwa kwa ubora wake, bali kwa kuwa hapakuwa na jingine.

Wapo hadi leo wanaolisifu. Hapana budi tuseme wazi kwamba gobole, hasa lile linalofuliwa vichochoroni kwa bomba la chuma lisilopimwa, humdhuru mwenyewe kama limdhuruvyo mnyama. Hupiga mara moja, kisha mwenye nalo asimame ashindilie tena, na nyati hamsubiri mtu.

Bunduki ya marisau ndiyo iliyo karibu zaidi na jibu. Hufaa kwa kanga, kwa kwale na kwa paa. Na usiku, mlangoni mwa nyumba, humtisha mwizi bila risasi yake kusafiri mbali. Lakini nguvu ya marisau hupungua sana baada ya hatua arobaini hivi, na tembo akipigwa kwayo huondoka na majeraha na hasira, akamalizia hasira hiyo kwa mama anayechota maji asubuhi. Hatari ya mnyama aliyejeruhiwa ni kubwa kuliko ya mnyama aliyekula mahindi akashiba.

Mabwana wa kampuni za uwindaji wa kitalii, ambao wengi wao wana ofisi zao Arusha, watajibu kwa tarakimu: .375. Bunduki hiyo ya Holland & Holland ya London, iliyotoka mwaka 1912, imesifiwa kwa zaidi ya miaka mia kwamba yamtosha swala na yamtosha nyati. Sifa hiyo ni ya haki huko porini. Mjini au kijijini ni balaa. Risasi yake, yenye uzito wa gramu 19 hivi na mwendo unaopita mita 700 kwa sekunde, haizuiwi na ukuta wa udongo wa jirani. Tena bunduki za namna hii, zilizotengenezwa kwa ajili ya uwindaji halali, zimepatikana mikononi mwa majangili katika ile miaka ambayo tembo wa Tanzania walipungua kutoka 109,000 hivi mwaka 2009 hadi 43,000 hivi mwaka 2014. Ama bastola, hiyo haiwindi kitu.

Kwa hiyo mkulima ambaye hana budi kuchagua moja, na afuate bunduki ya marisau, lakini ajue mipaka yake. Ajue pia kwamba kumiliki silaha chini ya Sheria ya mwaka 2015 si ruhusa ya kuwinda. Kuwinda kuna leseni yake, na ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha hakuna leseni yoyote. Mwenye hamu ya nyama ya porini amefunguliwa njia ya mabucha kwa kanuni za mwaka 2020. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 haimhukumu mtu aliyemwua mnyama kwa kuokoa maisha, ila yamtaka atoe taarifa, na nyama na pembe ni mali ya Serikali.

Sasa tuyaseme malalamiko yenyewe. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1960 kwa jina la Ngurdoto, na mashamba ya Ngarenanyuki yamepakana nayo. Watu wa huko ni wale ambao wazee wao waliondolewa kwa nguvu mwaka 1951, wakamtuma Kirilo Japhet hadi Umoja wa Mataifa mwaka 1952 kudai ardhi yao. Hawahitaji kufundishwa uvumilivu. Mkulima wa huko atafutaye bunduki hatafuti fahari, atafuta usingizi. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta machozi cha shilingi 1,000,000 kwa aliyeuawa na mnyama, na kifuta jasho kisichozidi shilingi 100,000 kwa ekari, tena kwa ekari tano tu, kikipungua kadiri shamba linavyokaribia mpaka wa hifadhi. Yaani anayepata hasara ya kwanza ndiye anayefutwa jasho la mwisho. Jambo hili twaliona si la haki, na hatuoni sababu ya kulisema kwa kificho.

Wapo waliojaribu kamba zenye vitambaa vilivyochovywa katika pilipili na oili chafu, na wapo waliotundika mizinga ya nyuki mipakani. Tembo huviogopa vyote viwili, na mizinga huleta na asali. Mambo haya yastahili fedha za Halmashauri kabla ya kibali chochote cha silaha. Yanapokuwa hayatoshi, kazi ya .375 ni ya askari wa wanyamapori aliyefunzwa, naye hawezi kuifanya ikiwa kituo chake ki mbali na gari halina mafuta. Tunaiomba Wizara ya Maliasili na Utalii iweke askari wa zamu usiku karibu na vijiji hivi msimu wa mahindi, na maofisa wanaopokea fomu za kifuta jasho waeleze hadharani kila fomu imefika wapi.