Umbali Si Safari: Maoni Juu ya Ufundishaji wa Mwendo na Muda

Kanuni ya kupata muda kwa kugawanya umbali kwa mwendo ni rahisi kuikariri, na kwa sababu hiyo hufundishwa vibaya. Mtoto akishaizoea hugawanya tarakimu zo zote apewazo bila kujiuliza zina maana gani. Maoni yetu ni kwamba kanuni hiyo ije baada ya kupima, na kipimo kianzie katika nchi ambayo mtoto anaifahamu.

Tuchukue shule iliyo Shinyanga. Karibu na mji kipo kiwanja cha ndege cha Ibadakuli. Katika mkoa jirani wa Geita, ulioanzishwa mwaka 2012, kipo kiwanja cha Chato. Katika ramani ambayo sentimeta 1 ni kilometa 20, watoto wanyoshe uzi kati ya viwanja hivyo viwili. Watapata sentimeta 11 hivi, yaani kilometa 220. Ndege ndogo iendayo kilometa 300 kwa saa ingetumia dakika 44.

Hapo walimu wengi huweka chaki chini. Sisi twasema hapo ndipo somo linapoanza. Barabara haifuati uzi ule: hupita Kahama, Ushirombo, Runzewe na Bwanga. Basi uzi wa pili ufuate mikunjo yake, kisha nyuzi mbili zilinganishwe. Tena watoto waulizwe dakika 44 zimeacha nini. Zimeacha safari ya kwenda kiwanjani, kusubiri, kupaa na kutua. Wala mstari juu ya ramani si ushahidi kwamba ipo ndege ya abiria ipitayo hapo.

Mfano ulio bora zaidi uko ziwani. Kati ya Kigongo na Busisi, katika njia ya Mwanza kwenda Geita, wasafiri kwa miaka mingi walingoja kivuko. Mwaka 2025 lilifunguliwa daraja la kilometa 3 hivi. Gari liendalo kilometa 60 kwa saa hulivuka kwa dakika 3. Ziwa halikupungua upana, bali muda ndio uliopungua. Kwa mgonjwa atokaye Geita kwenda Hospitali ya Bugando, tofauti hiyo si hesabu ya daftarini.

Wako watakaosema kwamba vipindi ni vichache na mtihani hauulizi hayo. Twajibu kwamba mtoto aliyepima kwa uzi hatashindwa kugawanya. Lakini aliyezoea kugawanya tu aweza kuandika kwamba mtu wa miguu hufika Kahama kwa dakika 20, wala asishtuke.

Kwa hiyo, ndugu mwanachuo, unapotayarisha andalio la somo hili, weka uzi na ramani kabla ya kanuni. Na kila jibu lipatikanapo, darasa lijiulize: je, safari hii yawezekana?